Kuondoa oksijeni katika naitrojeni ya matanuri ya viwandani

MHUNZI anapokitoa kipande cha chuma motoni na kukigonga kwa nyundo, magamba meusi hubanduka na kuanguka kando ya fuawe. Magamba hayo si masizi ya makaa. Ni chuma chenyewe kilichoungana na oksijeni ya hewa kilipokuwa kikipashwa moto, na kila gamba linaloanguka ni sehemu ya chuma iliyopotea.

Kwa mtengenezaji wa jembe au shoka hasara hiyo ni ndogo, kwani ukingo hunolewa na sehemu inayosalia ni nene. Kwa kiwanda kinachotengeneza gia za magari, beringi, springi au neli za shaba, mambo ni tofauti. Uharibifu usiozidi unene wa unywele unatosha kuifanya bidhaa ikataliwe au, baya zaidi, ikubaliwe kisha ivunjike ikiwa kazini.

Ndiyo sababu viwanda hivyo hupasha metali joto ndani ya matanuri yaliyojazwa gesi ya kuikinga isiguswe na hewa. Gesi inayotumika sana kwa kazi hiyo ni naitrojeni. Inapatikana kwa wingi, kwani ni asilimia 78 ya hewa, haiwaki, na haiungani kwa urahisi na metali nyingi.

Hata hivyo, naitrojeni hiyo huchotwa humo humo hewani, ambamo oksijeni ni takriban asilimia 21. Kuzitenganisha gesi hizo mbili kunagharimu fedha, na mara nyingi oksijeni kidogo husalia. Wahandisi hulazimika kuamua watayaondoaje masalio hayo, na kwa gharama gani. Katika uamuzi huo kuna jambo moja ambalo ni rahisi kusahaulika: oksijeni hiyo haipotei. Njia nyingi za kuiondoa huigeuza tu kuwa kitu kingine, na kitu hicho nacho huweza kuidhuru metali.

Madhara ya oksijeni tanurini

Metali hupashwa joto kwa malengo mbalimbali. Waya uliokuwa mgumu baada ya kuvutwa hulainishwa ili uweze kupindwa. Gia hupashwa hadi zaidi ya nyuzijoto 800 za selsiasi kisha huzamishwa katika mafuta ili ziwe ngumu. Vipande vingine hutiwa joto ili shaba iyeyuke kati yao na kuviunganisha. Katika kazi hizi zote, joto lile lile linaloleta manufaa ndilo linaloharakisha metali kuungana na oksijeni.

Dhara la kwanza huonekana kwa macho. Oksijeni ikiwa kidogo, metali hutoka na rangi ya buluu au ya kahawia. Ikiwa nyingi, hufanya magamba ambayo ni lazima yaondolewe kwa asidi au kwa kupigwa mchanga. Kazi hiyo ya pili hupoteza muda na fedha, na asidi iliyotumika huhitaji kutupwa kwa uangalifu.

Dhara la pili hujificha. Feleji ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo, na kaboni hiyo ndiyo huifanya iwe ngumu inapozamishwa katika mafuta. Oksijeni na mvuke wa maji huweza kuinyang'anya feleji kaboni iliyo karibu na uso wake. Kipande hutoka tanurini kikiwa na umbo na vipimo vyake vyote, lakini ngozi yake ni laini. Gia ya namna hiyo hulika upesi, na springi hupata nyufa kabla ya wakati wake.

Chuma ni chepesi mno wa kuungana na oksijeni. Katika nyuzijoto 800, ili kisiungane nayo hata kidogo, oksijeni katika gesi inayokizunguka inapaswa kuwa chini ya sehemu moja kwa idadi inayoandikwa kwa 1 ikifuatwa na sufuri 19. Hakuna naitrojeni inayouzwa yenye usafi wa kiwango hicho.

Hivi ni kusema kwamba naitrojeni peke yake, hata ikiwa safi sana, haizuii kabisa chuma kuungana na oksijeni. Inachofanya ni kupunguza oksijeni hadi isiwe na wingi wa kufanya uharibifu unaoonekana. Ulinzi kamili huhitaji gesi nyingine, kama vile haidrojeni, ambayo huikamata oksijeni kabla haijaifikia metali.

Naitrojeni inavyopatikana

Kuna njia kuu tatu za kuitoa naitrojeni hewani, na kila njia huacha kiwango chake cha oksijeni.

Njia ya kwanza ni kuigandamiza na kuipoza hewa hadi igeuke kimiminika. Mhandisi wa Ujerumani Carl von Linde aliigeuza hewa kuwa kimiminika kwa wingi mnamo 1895, na kufikia 1910 mbinu yake ilikuwa imeboreshwa hivi kwamba mtambo mmoja uliweza kutoa oksijeni na naitrojeni zote mbili zikiwa safi. Naitrojeni huchemka katika nyuzijoto 196 chini ya sufuri, na oksijeni katika nyuzijoto 183 chini ya sufuri. Tofauti hiyo ndogo ndiyo hutumiwa kuzitenganisha.

Naitrojeni ya njia hiyo kwa kawaida hufikia usafi wa asilimia 99.999, yaani oksijeni isiyozidi sehemu 10 kwa kila milioni. Mtambo wake, hata hivyo, ni mkubwa na wa gharama. Viwanda vingi huletewa naitrojeni hiyo kwa malori ikiwa bado kimiminika na kuihifadhi katika matangi yenye kuta mbili. Kwa hivyo, aliye mbali na mtambo hulipia pia safari ndefu.

Njia ya pili hutumia minara miwili iliyojazwa chembechembe za kaboni zenye vitundu vidogo mno. Hewa husukumwa ndani kwa shinikizo linalokaribia mara saba au nane ya lile la hewa ya kawaida. Molekuli za oksijeni, ambazo ni nyembamba kidogo kuliko za naitrojeni, hupenya katika vitundu kwa haraka zaidi na kunaswa humo, huku naitrojeni ikipita. Mnara mmoja unapojaa, mwingine huchukua zamu, nao wa kwanza hupunguziwa shinikizo ili uiteme oksijeni.

Msingi wa mbinu hiyo ya zamu uliwekwa na mtafiti wa Marekani Charles Skarstrom, aliyepata hataza yake mnamo 1960. Chembechembe za kaboni zinazofaa kwa naitrojeni ziliendelezwa baadaye na watafiti wa Ujerumani.

Njia ya tatu hutumia nyuzi za plastiki zenye uwazi ndani, ambazo kuta zake ni utando. Oksijeni na mvuke wa maji hupenya utando huo kwa haraka, naye naitrojeni husonga mbele hadi mwisho wa uzi. Mitambo ya aina hii haina sehemu nyingi zinazotembea na ni rahisi kuitunza, lakini mara nyingi naitrojeni yake huwa na usafi wa kati ya asilimia 95 na 99.5.

Bei ya usafi

Mitambo ya minara na ya utando ilivutia viwanda kwa sababu hutoa naitrojeni pale pale inapotumiwa, bila malori wala matangi ya baridi. Tatizo ni kwamba kadiri usafi unavyoongezwa, ndivyo hewa nyingi zaidi inavyohitajika kwa kila mita moja ya naitrojeni. Katika mitambo ya minara, kutoka usafi wa asilimia 97 hadi 99.99 kwaweza kuhitaji zaidi ya maradufu ya hewa ile, na hewa hiyo yote ni lazima igandamizwe na kompresa inayokula umeme.

Mwenye kiwanda, basi, hushawishika kununua naitrojeni ya asilimia 99.5. Kwa sikio, tofauti kati ya 99.5 na 99.999 ni ndogo. Kwa metali, ni kubwa mno.

Mathalan, tanuri linalotumia mita 100 za ujazo za naitrojeni kwa saa, ikiwa na usafi wa asilimia 99.5, huingiziwa nusu mita ya ujazo ya oksijeni kila saa. Oksijeni hiyo inatosha kugeuza zaidi ya kilo mbili za chuma kuwa magamba katika saa hiyo moja. Naitrojeni ikiwa na usafi wa asilimia 99.999, oksijeni inayoingia huwa lita moja tu, na chuma kinachoweza kuliwa hakizidi gramu tano.

Wahenga walisema kwamba rahisi huvunja upishi. Naitrojeni ya bei nafuu inaweza kutumika, lakini si kabla ya masalio yake ya oksijeni kushughulikiwa.

Ni muhimu pia kusoma kwa makini kiwango kilichoandikwa kwenye mtambo. Watengenezaji wengi huihesabu agoni, gesi ambayo ni karibu asilimia moja ya hewa, pamoja na naitrojeni. Agoni haidhuru metali. Kwa hivyo, tarakimu yenye maana kwa mwenye tanuri ni ya oksijeni iliyosalia, na wala si ya naitrojeni iliyopo.

Kuichoma oksijeni kwa haidrojeni

Njia inayotumika sana kuondoa masalio hayo ni kuchanganya haidrojeni kidogo na naitrojeni, kisha kupitisha mchanganyiko huo kwenye kichocheo. Kichocheo hicho kwa kawaida ni paladiamu, metali ya thamani ambayo hupakwa kwa kiasi kidogo juu ya chembe za alumina. Juu ya paladiamu, haidrojeni na oksijeni huungana na kuwa maji hata pasipo moto.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila sehemu moja ya oksijeni huhitaji sehemu mbili za haidrojeni, na zao lake ni sehemu mbili za mvuke wa maji. Naitrojeni yenye asilimia 0.5 ya oksijeni huhitaji asilimia 1 ya haidrojeni, nayo hutoka na asilimia 1 ya mvuke. Haidrojeni huongezwa kidogo kupita kiasi hicho ili kuhakikisha kwamba hakuna oksijeni inayoponyoka. Mtambo unaofanya kazi vyema huweza kuishusha oksijeni hadi chini ya sehemu tano kwa kila milioni.

Muungano huo hutoa joto. Kila asilimia moja ya oksijeni inayochomwa hupandisha joto la gesi kwa takriban nyuzijoto 165. Naitrojeni ya asilimia 99.5 hupanda kwa takriban nyuzijoto 80, jambo ambalo si tatizo. Lakini mtambo wa naitrojeni ukiharibika na oksijeni ikapanda ghafla hadi asilimia tatu au nne, na haidrojeni ikaongezwa kulingana nayo, kichocheo huweza kuungua na chombo chake kuwa hatarini. Kwa sababu hiyo, mitambo hiyo hufungwa vifaa vya kukata haidrojeni mara joto linapopita kiwango.

Kichocheo kina maadui wengine. Salfa, klorini na mafuta yanayovuja kutoka kwa kompresa hukifunika na kukiua nguvu. Dalili yake ni oksijeni kuanza kuongezeka polepole upande wa kutokea, ilhali kila kitu kingine kikionekana kuwa sawa.

Haidrojeni yenyewe hupatikana katika mitungi, kwa kupasua maji kwa umeme, au kwa kupasua amonia katika joto kali mbele ya kichocheo cha nikeli. Amonia iliyopasuliwa hutoa mchanganyiko wa asilimia 75 ya haidrojeni na asilimia 25 ya naitrojeni, ambao hufaa kwa kazi hii bila kutenganishwa.

Maji yanayobaki

Hapa ndipo penye mtego. Tanuri lililotajwa awali, lenye kutumia mita 100 kwa saa, sasa huingiziwa mvuke unaotosha kufanya karibu robo tatu ya lita ya maji kila saa. Oksijeni imeondoka kwenye kipimo, lakini imo ndani ya mvuke huo.

Wahandisi hupima unyevu wa gesi kwa kiwango cha umande, yaani joto ambalo gesi ikipozwa hadi hapo, mvuke wake huanza kuganda. Naitrojeni yenye asilimia 1 ya mvuke ina kiwango cha umande cha takriban nyuzijoto 7. Kwa feleji yenye kaboni nyingi huo ni unyevu wa kupindukia, kwani mvuke huungana na kaboni ya feleji na kuiondoa ikiwa gesi.

Dawa yake ni kuipoza gesi ili sehemu kubwa ya maji iondoke, kisha kuipitisha katika vikaushio vyenye chembe zinazofyonza unyevu. Kiwango cha umande kikishushwa hadi nyuzijoto 40 chini ya sufuri, mvuke unaobaki ni takriban sehemu 127 kwa kila milioni. Kikishushwa hadi 60 chini ya sufuri, hubaki takriban sehemu 11.

Ikiwa gesi haitakaushwa, njia nyingine ni kuongeza haidrojeni. Chuma hakidhuriki na mvuke iwapo haidrojeni iliyo pamoja nao ni ya kutosha. Katika nyuzijoto 800, haidrojeni inapaswa kuwa takriban mara mbili ya mvuke au zaidi. Kwa naitrojeni ya asilimia 99.5, basi, huhitajika asilimia 1 ya haidrojeni ya kuichoma oksijeni na angaa asilimia 2 nyingine ya kubaki.

Hata hapo kuna tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba kadiri joto linavyoshuka, ndivyo chuma kinavyohitaji haidrojeni nyingi zaidi kwa kila sehemu ya mvuke. Vipande vinaweza kuwa vikavu na vyenye kung'aa kwenye sehemu ya moto, kisha vikageuka rangi ya buluu kwenye sehemu ya kupozea. Ya pili ni kwamba uwiano unaokilinda chuma hautoshi kuilinda kaboni iliyomo ndani ya feleji. Feleji ya gia na springi huhitaji gesi kavu zaidi, au gesi iliyo na kaboni ndani yake.

Kutumia kaboni na shaba

Pale ambapo haidrojeni ni ghali au ni vigumu kuipata, kuna njia nyingine.

Moja ni kuipitisha naitrojeni juu ya makaa au kaboni nyingine iliyopashwa joto kali. Oksijeni huungana na kaboni na kuwa kaboni dayoksaidi, na joto likiwa la juu, huwa kaboni monoksaidi. Gesi hiyo ya pili huilinda feleji, kwani nayo hunyakua oksijeni, lakini ni sumu inayoua bila harufu.

Nyingine ni kutumia shaba. Chembe laini za shaba zilizopashwa hadi nyuzijoto 200 hivi hunasa oksijeni na kuwa oksaidi ya shaba, na hakuna mvuke unaoingia katika naitrojeni. Shaba inapochoka, hupitishiwa haidrojeni ili irudi hali yake ya awali. Njia hii hufaa kwa oksijeni kidogo sana, kwani shaba hujaa upesi oksijeni inapokuwa nyingi.

Njia ya tatu ni kuingiza gesi asilia, propani au methanoli pamoja na naitrojeni ndani ya tanuri lenyewe. Methanoli ikipashwa hadi nyuzijoto 800 au 900 hupasuka na kutoa sehemu moja ya kaboni monoksaidi na sehemu mbili za haidrojeni, na zote mbili huikamata oksijeni. Mchanganyiko wa naitrojeni asilimia 40 na methanoli iliyopasuka asilimia 60 hutoa gesi yenye asilimia 20 ya kaboni monoksaidi na asilimia 40 ya haidrojeni, ambayo hutumika sana kuzipa gia kaboni zaidi usoni.

Matumizi hayo ya naitrojeni yalienea katika miaka ya 1970. Kabla ya hapo, viwanda vingi vya Marekani vilitengeneza gesi ya kinga kwa kuichoma gesi asilia kwa hewa kidogo. Gesi asilia ilipoadimika nchini humo katika muongo huo, viwanda vililazimika kutafuta gesi ya kinga isiyoitegemea kwa wingi, na naitrojeni ikapata nafasi yake.

Namna gesi inavyoingizwa

Naitrojeni ya mitambo ya minara na utando ilipoanza kuingia sokoni, wengi walidhani kwamba kichocheo cha nje kingeweza kuachwa. Hoja yao ilikuwa kwamba joto la tanuri lenyewe lingeiunganisha oksijeni na haidrojeni.

Watafiti wa kampuni ya Air Products ya Marekani walilichunguza jambo hilo na kupata hataza kadhaa katika miaka ya mwanzo ya 1990. Waligundua kwamba haidrojeni ya kutosha peke yake haisaidii iwapo gesi inaingizwa vibaya. Gesi baridi ikipulizwa kwa bomba lililonyooka moja kwa moja juu ya vipande, huvifikia kabla haidrojeni haijapata muda wa kuichoma oksijeni. Matokeo yake ni madoa ya oksaidi pale pale mkondo ulipogusa, hata kama kipimo cha tanuri kwa jumla kinaonyesha kwamba hakuna oksijeni.

Suluhisho lao lilikuwa kuipitisha gesi katika kifaa kinachoitawanya na kuichelewesha ndani ya sehemu ya moto, ili ipate joto na kuungana kabla ya kukutana na metali. Kwa njia hiyo, naitrojeni isiyo safi sana iliweza kutoa shaba na feleji zenye kung'aa. Funzo lililopatikana ni kwamba mahali na namna ya kuingiza gesi vina uzito sawa na vipimo vya gesi yenyewe.

Kila metali na mahitaji yake

Hakuna kiwango kimoja cha usafi kinachofaa kwa kila kazi. Shaba huvumilia mvuke, kwani oksaidi yake huvunjwa kwa urahisi na haidrojeni. Hata hivyo, shaba ya kawaida ya nyaya huwa na oksijeni kidogo ndani yake. Haidrojeni ikipenya humo katika joto kali, hufanya mvuke ndani ya metali na kuipasua. Shaba ya aina hiyo hulainishwa kwa haidrojeni kidogo mno na joto la wastani.

Feleji isiyoshika kutu ni kinyume chake. Kromiamu iliyomo huishika oksijeni kwa nguvu, hivi kwamba ili ing'ae huhitaji haidrojeni nyingi yenye kiwango cha umande cha nyuzijoto 40 chini ya sufuri au chini zaidi. Isitoshe, kromiamu huweza kuungana na naitrojeni yenyewe, na kupunguza uwezo wa feleji hiyo kustahimili kutu.

Titaniamu haiivumilii naitrojeni hata kidogo ikiwa moto, kwani huungana nayo na kuwa ngumu yenye kuvunjika. Metali hiyo hupashwa joto katika ombwe au ndani ya agoni. Kwa hivyo, sifa ya naitrojeni ya kutoungana na vitu ina mipaka.

Kupima ndani ya tanuri

Gesi iliyotoka safi katika mtambo huweza kuchafuka njiani. Viungo vya mabomba vilivyolegea, milango ya tanuri na matofali yaliyofyonza unyevu huingiza hewa na maji. Matanuri ya mkanda unaotembea, ambayo huwa wazi pande zote mbili, huvuta hewa iwapo mtiririko wa gesi ni mdogo au upepo unavuma kiwandani.

Kwa sababu hiyo, kipimo kinachoaminika ni kile kinachochukuliwa pale metali ilipo. Kifaa kinachotumika sana ni kijiti cha zirkonia, aina ya kauri ambayo ikiwa moto hupitisha chembe za oksijeni zenye chaji ya umeme. Upande mmoja wa kijiti huguswa na hewa ya kawaida na mwingine na gesi ya tanuri. Tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo huzalisha umeme mdogo. Katika gesi za kuipa feleji kaboni, umeme huo hufikia takriban volti 1.1, ishara kwamba hakuna oksijeni huru iliyobaki.

Kifaa cha kupima kiwango cha umande huwekwa pamoja na kijiti hicho, kwani kujua oksijeni bila kujua maji ni kujua nusu ya habari.

Hatari kwa wafanyakazi

Gesi inayoikinga metali dhidi ya oksijeni humnyima pia binadamu oksijeni. Naitrojeni haina rangi wala harufu, na mtu anayeivuta hahisi kukosa pumzi, kwa kuwa mwili huamsha hisia hiyo kutokana na kaboni dayoksaidi inapozidi. Katika gesi isiyo na oksijeni kabisa, mtu huzirai baada ya kuvuta pumzi mara chache tu.

Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilieleza katika taarifa ya 2003 kwamba kati ya 1992 na 2002, ajali 85 za kukosa hewa kwa sababu ya naitrojeni zilitokea nchini humo. Watu 80 walikufa na 50 wakajeruhiwa. Baadhi ya waliokufa walikuwa wameingia kuwaokoa wenzao.

Kwa hivyo, hakuna anayepaswa kuingia katika tanuri au tangi lililokuwa na naitrojeni kabla hewa yake kupimwa na mabomba kufungwa. Vyumba vya mitambo huhitaji madirisha ya kutosha na king'ora kinacholia oksijeni inaposhuka chini ya asilimia 19.5. Aidha, gesi inayotemwa na minara huwa na oksijeni nyingi kuliko hewa ya kawaida, nayo huchochea moto. Ni lazima ielekezwe nje.

Haidrojeni ina hatari yake. Huwaka hewani ikiwa kati ya asilimia 4 na 75. Ikichanganywa na naitrojeni nyingi na kuwa chini ya takriban asilimia 5 ya mchanganyiko, haiwezi kushika moto hata ikikutana na hewa, na hiyo ni sababu mojawapo ya viwanda vingi kupendelea viwango vya chini. Kwa mchanganyiko unaoweza kuwaka, kanuni za usalama za Marekani hutumia nyuzijoto 760 kuwa kiwango cha salama: tanuri likiwa chini ya hapo, hewa hutolewa kwanza kwa naitrojeni kabla ya gesi hiyo kuingizwa.

Anayechagua njia ya kuondoa oksijeni, kwa hivyo, huanza na metali yake na wala si mtambo. Hupima metali hiyo inaweza kuvumilia nini: maji, kaboni monoksaidi, haidrojeni au naitrojeni yenyewe. Akishajua hilo, ndipo huamua kiwango cha usafi cha kununua na masalio ya kuyasafisha mwenyewe. Anayeanza na bei ya mtambo huenda akalipa tofauti hiyo baadaye, kwa vipande vilivyotoka tanurini na rangi ya buluu, au kwa gia iliyolika kabla ya siku zake.